Mwalimu Onesphore Ntirampeba na Joto la Anga Kwenye Ukuta wa Maabara

Leo, tarehe 29 Novemba 2025, Mwalimu Onesphore Ntirampeba anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Sekondari Ipembo kwa miaka thelathini na mitatu na miezi kumi. Katika muda huo amefundisha fizikia na hisabati chini ya wakuu wa shule watano, amechakaza baiskeli tatu, na amekosa kazini siku nne tu: mbili kwa malaria, mbili kwa harusi yake mwenyewe. Siku ya tatu baada ya harusi alikuwa ubaoni, na bibi harusi alikuwa dirishani akimngoja amalize kipindi.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayemfuata kwa ukongwe katika ofisi ya walimu. Mkuu wetu, Mwalimu Melkiadi, alinipa masharti matatu: usizidi kurasa nne, uchangamshe wageni, na usiguse kabisa habari ya ukuta. La kwanza nimejitahidi. La pili mtahukumu wenyewe. La tatu limenishinda.

Limenishinda kwa sababu mwalimu wetu anaondoka na faili safi isipokuwa karatasi moja. Ni barua ya onyo ya Juni 2015, inayosema alichora ramani bila kibali na kuzua taharuki kwa wananchi. Walimu wengine wanapostaafu huomba godoro, au bati, au ng'ombe wa maziwa. Yeye aliandika mistari mitatu tu, akaomba barua ile iondolewe. Bodi ya shule inakaa leo saa tisa, baada ya pilau, kuliamua ombi hilo. Basi mnaposoma haya, mjue kuna mtu hapo meza kuu anatabasamu kwa adabu na hana hamu ya kula.

Alifika Ipembo Januari 1992, akitokea makazi ya wakimbizi ya Katumba, na baiskeli, sanduku la bati na kipimajoto kimoja alichokiviringisha ndani ya soksi. Alionyeshwa maabara, akakuta magunia ya mahindi ya shule. Mkuu wa wakati huo alimwambia avumilie mpaka mavuno yaishe. Mavuno hayakuisha mpaka mwaka 1996, na kwa miaka minne kidato cha nne kilijifunza mizani kwa kupima mahindi hayo hayo. Matokeo yao ya fizikia hayakuwa mabaya. Upendo, aliyekuwa wa darasa lile, leo anatengeneza mashine za eksirei, na husema hadi sasa akishika kitu chochote anajua kina kilo ngapi.

Kile kipimajoto nacho kilipewa kazi. Kila asubuhi kabla ya paredi Mwalimu Onesphore alipima joto sehemu nne: jikoni, uwanjani, mlangoni pa ofisi na chooni kwa walimu, akaandika kwenye daftari. Tulipomuuliza kwa nini chooni, alijibu kwamba ukitaka kujua tofauti lazima upime na mahali ambapo hutarajii chochote. Hakuna aliyemuuliza tena. Madaftari hayo sasa ni ishirini na sita, na yanaonyesha bila shaka yoyote kwamba uwanja wa paredi wa Ipembo una joto kuliko mlango wa ofisi kwa nusu nyuzi. Wizara haijalifanyia kazi jambo hilo.

Jina la Mwalimu Chenga alilipata mwaka 2002, wakati wa Kombe la Dunia. Shule ilikuwa na televisheni moja, na antena yake tuliifunga kwenye mlingoti wa bendera. Mechi zilikuwa za asubuhi na mchana, picha ilikuja ikitaka na kuondoka ikitaka. Ikiondoka zinabaki chenga, na chenga zikibaki Mwalimu Onesphore anasimama. Alitueleza kwamba katika kila chenga mia mnazoziona hapo, moja hivi imetoka kwenye mwanzo wa ulimwengu, imesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu, imeingia Mpanda bila kupotea njia, na sisi tunaigongea kofi televisheni. Mzee Antoni, mlinzi wetu, alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sawa Mwalimu. Sasa hizo tisini na tisa zimetoka wapi, tuzifukuze tuone mpira?" Miaka ya baadaye ving'amuzi vilipoingia na picha ikawa safi, nadhani alikuwa mtu pekee katika mkoa mzima aliyesikitika.

Kwa wageni ambao hawakusoma kwake, nieleze kidogo hilo somo lake. Nimelisikia kupitia ukuta wa darasa kwa miaka ishirini na saba, nikifundisha jiografia upande wa pili. Hapo mwanzo kila kitu kilikuwa cha moto na kizito, hata mwanga haukuweza kupenya. Kilipopoa vya kutosha, mwanga ukapata njia, na mwanga huo huo bado unatufikia leo kutoka kila upande wa anga. Ila nao umepoa sana, umebaki karibu nyuzi mia mbili na sabini chini ya sifuri. Wataalamu huuita mionzi ya mabaki. Ukiupima, joto lake ni lile lile kokote ugeukako. Lakini si lile lile kabisa. Hapa limezidi, pale limepungua, kwa kiasi cha sehemu moja katika laki moja. Mwalimu alikuwa akifika hapo anafuta ubao kwa mkono wa shati na kusema kwamba bila vitofauti hivyo vidogo kusingekuwa na nyota, wala jua, wala Ipembo, wala mtihani wa kidato cha nne. Darasa lilionekana kuwa tayari kuvumilia hasara ya hicho cha mwisho.

Mazoezi ya vitendo aliyafanyia kwenye uji wa shule. Alitumbukiza kipimajoto chenye uzi sehemu tisa za sufuria, ili wanafunzi waone kwamba hata uji uliokorogwa vizuri haulingani joto. Mama Séverine, mpishi, hakupendezwa. "Mwalimu, huu uji wa watoto ni wa kunywa. Ukitaka kupima, kapime wa kwako." Wakafikia mapatano: apime, lakini akoroge yeye. Kwa hiyo kila Alhamisi, kwa miaka kumi na moja, Mama Séverine alikaa kwenye kigoda akinyoosha miguu, na shule ikawa na mkoroga uji mwenye stashahada ya ualimu wa fizikia. Madonge yalipungua, hilo lazima tuliseme.

Sasa nije kwenye ukuta.

Mwaka 2015 Mwalimu Onesphore aliiona picha kamili ya joto hilo la anga kwenye kompyuta ya Nassib, mwenye duka la steshenari pale mjini. Ni umbo la yai lililolala, limejaa madoa: mekundu palipozidi joto, ya bluu palipopungua. Nassib alimchapishia, lakini mashine yake ilikuwa na wino mweusi tu. Basi Mwalimu alikwenda Jumamosi tatu mfululizo na kalamu za rangi, akakaa mbele ya kompyuta akipaka doa moja baada ya jingine, wateja wakimpisha. Nassib alimuuliza kama ni yai la ndege gani. Baada ya hapo akaichora upya, yeye na kidato cha tatu, kwenye ukuta wa nje wa maabara, ule unaotazama barabara ya kwenda Mwamkulu. Ilikuwa na upana wa mita nne. Nikiri kwamba ilipendeza.

Nikiri pia kwamba ukuta ule niliutaka mimi. Tangu mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012 nilikuwa nimeomba nichore pale ramani ya Katavi, na kwa miaka mitatu niliambiwa nisubiri rangi. Rangi ilipofika, ikaenda kwa anga.

Ijumaa ya tarehe 22 Mei tulikuwa na kikao cha wazazi. Wakati huo huo wapimaji wa ardhi walikuwa wakipita vijijini na mashine zao, wanaweka bikoni za mipaka, na kila kijiji kilikuwa kikijiuliza nani atabaki na nani atahamishwa. Mama Odeta wa Mwamkulu, mkulima wa mahindi na mzazi wa watoto wetu wanne, aliingia ofisini na wenzake watatu, akaniuliza mimi, kwa kuwa ramani ni kazi yangu: ile ramani mpya ya ukutani inasema nini? Mbele yangu kulikuwa na karatasi mia moja na ishirini za mtihani, na nyingi zilisema Ziwa Rukwa lipo Morogoro. Sikuinua hata kichwa. Nikamjibu, "Wekundu watahama, wa bluu watabaki."

Nilidhani ni utani. Nilicheka peke yangu nikaendelea kusahihisha.

Jumatatu yake kulikuwa na watu kumi na tano mbele ya ukuta. Jumatano walikuwa sitini. Mwamkulu ilijipata upande wa kulia chini, kwa hesabu ambayo mpaka leo hakuna mpimaji angeielewa: walianzia mlango wa maabara, wakauita ndiyo stesheni ya Mpanda, wakahesabu hatua. Magamba iliangukia kwenye doa kubwa la bluu na watu wake wakaanza kutembea polepole, kama watu waliofaulu. Familia tatu za kwenye wekundu zilifunga mizigo. Mzee Dieudonne, aliyekuwa amemaliza kuezeka nyumba yake wiki mbili tu kabla, alipanda juu akang'oa mabati yote ili yasije yakavunjwa pamoja na kuta, akayapakia kwenye mkokoteni na kwenda kwa shemeji yake Inyonga. Wazee wengine waliandika barua ya heshima wakiomba doa lao lipakwe bluu.

Wajumbe wakaja kutoka ofisi ya kata. Mwalimu Onesphore alisimama juani saa mbili nzima akieleza kwamba ile ni picha ya anga, tena ya wakati ambao dunia yenyewe ilikuwa haijakuwepo. Walimsikiliza. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo Mwalimu, hata kule juu nako wanapima viwanja?" Hawakumwamini, na siwalaumu. Kila mtu wa huku anajua kwamba ramani ya kweli ni ile ambayo mwenye nayo anakataa kuwa ni ramani.

Bodi ilikaa haraka. Mwalimu aliulizwa nani aliwaambia wananchi habari ya wekundu na bluu. Alijibu kwamba watu waliuliza wengi, na kila mmoja alijibu anavyojua. Alikuwa anajua ni nani. Mama Odeta hafichi maneno, na siku ile ile ya wajumbe wa kata alikuwa amemwambia mbele ya Mama Séverine, "Ni yule wa jiografia, nyie walimu hamuelewani au?" Mwalimu alilijua jina langu na hakulitaja. Mimi nilikuwa kwenye kikao hicho, nikiandika kumbukumbu. Niliandika jibu lake neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini.

Wakampa onyo, ukuta ukaamriwa upakwe chokaa. Mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa shule ilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyetegemewa na kila mtu. Mwenye barua ya onyo hateuliwi, ndivyo kanuni ya shule yetu isemavyo. Mwalimu Melkiadi, ambaye ni mkuu mwema na atanisamehe kwa haya, aliteuliwa akiwa na miaka saba ya kazi. Wa kwanza kumpa mkono alikuwa Mwalimu Onesphore.

Lakini ukuu si jambo lililomuuma, na ninalijua kwa sababu nilimuuliza juzi, baada ya miaka kumi ya kukosa ujasiri. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka saba, sehemu ya njia akibebwa mgongoni na shangazi yake. Tangu siku hiyo mpaka anaota mvi, hakuna aliyeweza kumwambia kwa uhakika kama atabaki au atahamishwa. Cheti chake cha uraia alikabidhiwa Februari 2015. Onyo likaja Juni. Aliniambia kwamba karatasi ya kwanza ya kumwita raia aliingojea miaka arobaini na mitatu, na ya pili, iliyokuja baada ya miezi minne, ikasema anawasumbua raia. Zote mbili anazo kwenye bahasha moja, kwa sababu hakuona haki kuificha moja na kuonyesha nyingine.

Na mimi ndiye niliyechukua hofu ile ile aliyokulia nayo, yeye na nusu ya wazazi wa shule hii, nikaifanyia mzaha bila kuinua kichwa. Naona aibu. Nimeona aibu kila siku ya paredi kwa miaka kumi, na kila siku hiyo alinisalimia vizuri.

Mtataka kujua ukuta uliishia wapi. Asubuhi baada ya onyo alikuja mezani kwangu, akaniuliza ramani yangu ya Katavi itahitaji upana gani, kwa kuwa sasa pana nafasi. Akaniletea na rangi zilizobaki. Ndiyo hiyo mnayoiona mkitoka nje, wilaya zote zikiwa mahali pake. Tatizo ni kwamba chokaa ilikuwa hafifu. Kila masika anga linatokeza: mara doa jekundu katikati ya Mlele, mara bluu inamea Karema kabla hujafika ziwani. Nimepaka upya mara tano. Mara zote tano aliyenichanganyia rangi ni yeye, na hakuwahi kusema neno, ila mara ya nne alirudi nyuma hatua mbili, akatazama, akasema lile doa la Mlele nimeliweka sawasawa na lilivyokuwa.

Mzee Dieudonne alirudi Mwamkulu Oktoba ile ile na mabati yake. Yalikuwa na matundu ya misumari ya kwanza, na nyumba yake inavuja mpaka leo. Yupo hapa, safu ya tatu, na kwaya ya kina baba. Jumatatu ijayo mabati mapya yatashushwa kwake, na kama kuna atakayeuliza yametoka wapi, amtafute mwalimu wa jiografia.

Kuhusu mafanikio ya mstaafu, orodha ni ndefu, na karatasi ni ya Nassib. Nitaje machache: wanafunzi mia tatu na zaidi waliofaulu fizikia katika shule ambayo kwa miaka mingi haikuwa na umeme, maabara ambayo sasa ina meza, mabomba na kabati linalofungwa, na kizazi kizima cha watu wa Mwamkulu ambao, ukiwauliza, watakuambia joto la anga ni nyuzi ngapi. Walilazimika kujua. Baada ya miezi mitatu ya kuelezwa kila jioni, nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli, hatimaye walimwamini. Mama Odeta aliniambia kilichomfanya aamini: hakuna serikali yoyote ingehangaika kuchora kitu chenye tofauti ndogo kiasi kile.

Mwezi uliopita bodi ilimpa Mwalimu jibu la awali kwamba onyo haliwezi kuondolewa bila ushahidi mpya. Wajumbe wa bodi, ushahidi wenyewe mmeshausoma. Mimi ndiye niliyewaambia wananchi kwamba wekundu watahama. Mimi ndiye niliyekaa kikaoni nikaandika kumbukumbu na kunyamaza. Maelezo haya nimeyasaini, na ili yasipotee katika faili lolote, yamechapishwa nakala mia mbili na hamsini, na kila mgeni aliyeketi hapa anayo moja mkononi. Mama Odeta amekubali kuja saa tisa kuthibitisha, na ameomba asisubirishwe. Kama bodi inahitaji mtu wa kuandikiwa onyo, jina langu lipo hapo chini, na bado nina miaka sita ya utumishi ya kulibeba.

Mwalimu Onesphore, nilikuwa na nafasi ya kukuomba radhi kwa faragha kila siku ya kazi kwa miaka kumi, sikuitumia. Sasa nakuomba mbele ya watu wote uliowafundisha. Shule inakushukuru kwa kazi yako. Mimi nakushukuru kwa ukimya wako, ambao hukupaswa kunipa. Nenda Katumba ukalime, ulale mchana, upime joto la mahali popote upendapo, na uishi miaka mingi yenye afya wewe, mama na wajukuu. Bahasha yako, tunaomba leo jioni uifungue nyumbani ukute ina cheti kimoja tu.

Immaculata Sangu
Mwalimu wa Jiografia